Kifua cha Baba Mkwe

Vijana wangu wa chumba cha eksirei, siku mliyoniaga nilipostaafu mliniomba niseme machache, nami nikasema machache kweli, maana soda zilikuwa zinapata moto na mgeni rasmi alikuwa anatazama saa. Yaliyobaki nimerudi nayo nyumbani. Mmoja wenu aliniuliza siku ile, huku akicheka, kama ni kweli zamani tulikuwa tukifua picha kwa mikono kama nguo. Ni kweli. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba, na nzi wakatua juu yake. Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Vya kwangu vilikuwa vidogo na havina hadithi. Kuna picha moja ninayotaka kuwasimulia, lakini sitaifikia upesi, mtanivumilia.

Nilizaliwa kijijini nje kidogo ya Shinyanga, wakati baiskeli ilipokuwa bado kitu cha kwenda kutazamwa. Ya kwanza kufika kwetu ilikuwa ya karani wa ginari ya pamba, na bibi yangu aliisalimia, "Mwangaluka," kwa kuwa hakutaka kukosa adabu mbele ya kitu asichokijua. Baba yangu alitumia jembe la namna moja tangu utoto wake hadi uzee. Mimi kabla sijaota ndevu nilikuwa nimeshaona baiskeli, santuri, lori, tochi na ginari yenyewe ikinguruma. Kizazi chetu kilikimbizwa, na tulikimbia tukicheka. Kila kitu kipya kilipokuja tulikipenda kwanza. Kuuliza kinakula nini kulikuja baadaye, kwa wengine kulichelewa mno.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha nilikwenda upande wa Geita kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Jina la mgodi siliandiki, wenye nao walishaondoka na sina ugomvi na mashimo. Nilikuwa na darasa la nne na viatu vya kuazima. Wakaniweka hospitali ya kambi, kupiga deki.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa dresa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda, Mzee Athumani, Mzaramo aliyekuja bara na jeshi akasahau kurudi pwani. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, kwa hiyo hakunihurumia hata kidogo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akasema, "Haya, Msukuma, sikiliza. Huyu aliyelala hapa ni mgonjwa, si ng'ombe. Ukimshika usimpapase nundu." Wagonjwa wote wakacheka, na mgonjwa mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Mwaka wangu wa kwanza niliijua hospitali ile kwa sakafu yake tu.

Baadaye alianza kunifundisha. Alikuwa na kifaa cha kusikilizia kifua lakini alikiamini nusu, na nusu nyingine aliliachia sikio lake. Alitandika kitambaa safi mgongoni mwa mgonjwa, akaweka sikio, akafumba macho. "Kifua kizima kinasema kama mtu aliyelala," aliniambia. "Kibovu kinasema kama mtu anayekanyaga majani makavu. Weka sikio." Niliweka sikio miaka mingi. Mkono wangu ulijifunza dawa, lakini hofu ya kweli ya kazi hii nilijifunza kwa sikio.

Katika mgodi ule, mtu aliyejulikana kuliko meneja alikuwa Luhende, mwenyeji wa Kagongwa, upande wa Kahama. Alianza kazi wakati mwamba ulipotobolewa kwa mikono. Mmoja anashika patasi ndefu, mwenzake anapiga nyundo, na wimbo ndio unaowapatanisha, kwa kuwa nyundo ikiukosa wimbo inaupata mkono. Halafu zikaja mashine za kutoboa zinazokwenda kwa upepo wa bomba. Wazee wa nyundo walizikimbia kwa kelele zake. Luhende akaishika ya kwanza kama anayemshika fahali pembe, na tangu siku ile akaitwa Luhende wa Mashine. Alipotoka shimoni alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, kama mtu aliyeshinda akisaga mtama. Watoto wa kambi walimfuata wakiimba jina lake. Hakuwa na haraka ya kujifuta. Sisi vijana tuliliona vumbi lile kama nishani, na zile nyundo za zamani zikabaki kupigilia vigingi vya mbuzi.

Mimi nikampenda binti yake, Kabula, ambaye nilimwona kwenye bomba la maji la kambi akiwafokea wavulana waliochezea foleni. Mshenga wangu alikuwa Gamaya, fundi baiskeli, mtu wa maneno ya taratibu na mikono ya grisi. Alikwenda na kurudi kati yangu na Luhende mpaka mambo yakakubalika na ng'ombe wakahesabiwa na wenye kuhesabu.

Ninyi mliozaliwa mjini hamuujui ukwe wa siku zile. Tangu siku niliyooa nikawa mkwilima wa Luhende, kama tunavyomwita mume wa binti, yeye na mimi tuliheshimiana kwa kukwepana. Nikimwona njiani nilisogea pembeni, nikachuchumaa, akapita. Hatukula chombo kimoja wala hatukupeana mikono. Mimi kumwona mzee wangu kifua wazi ilikuwa aibu ambayo hata kuitaja nilikuwa sithubutu. Na neno zito lolote kati yetu lilipita kwa Gamaya, hata tukiwa tumeketi sote watatu kivuli kimoja. Msidhani tulichukiana. Siku mwanangu Masele alipozaliwa, Luhende alisimama mbali na nyumba yangu akiwa bado mweupe kwa vumbi, akacheza peke yake, kisha akaondoka. Nilimtazama kupitia upenyo wa mlango na nilimpenda sana.

Mashine ya eksirei ilikuja miaka ya hamsini ilipokuwa imeanza, ndani ya masanduku ya mbao yaliyovushwa ziwa kutoka Mwanza. Mzungu aliyekuja kuifunga alitafuta mtu wa kumfundisha. Macho ya Mzee Athumani yalikuwa yameanza ukungu, basi akanisukuma mbele. "Mchukue huyu," alisema, "amezoea kuchunga usiku bila taa."

Kambini ikavuma habari kwamba mashine ile imeletwa kutafuta dhahabu iliyomezwa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili walikuja wachache ambao, kama walivyokiri baadaye, walikuwa wamekula ugali mwingi ili kuficha yaliyomo. Tuliwaambia wavue hirizi, wakazivua na kuziweka mdomoni, au wakazifunga mgongoni, nasi tukaziona kwenye picha zimetulia juu ya uti wa mgongo kama kupe. Chumba cha giza kilikuwa na taa nyekundu na matangi: dawa ya kuitokeza picha, maji, dawa ya kuikaza, kisha maji tena. Jua likiwaka dawa inapata joto, na picha inalainika na kuteleza kwenye filamu kama ukoko wa uji. Tuliyazungushia matangi magunia mabichi. Nzi mmoja aliganda kwenye filamu mbichi juu ya pafu la kushoto, na daktari wetu, Mzungu, akamkodolea macho muda mrefu. Mzee Athumani akamkwangua kwa ukucha, akasema, "Huyu bwana, alichoumwa kimeshamuua."

Nilikuwa na furaha ya kijinga siku zile. Nilitembea kambini kama Luhende alivyotembea enzi zake. Watoto wakaniita Bwana Mifupa na mimi nikaitika.

Kisha watoboaji wakaanza kuja na kikohozi kisicho na homa. Walikuwa watu wenye nguvu ambao sasa walipumzika katikati ya ngazi. Tulipowapiga picha daktari aliona jambo ambalo hakulipenda, akatoa amri kwamba kila mtoboaji apigwe picha ya kifua. Ambaye vumbi halijamzidi atolewe shimoni mapema, apewe kazi ya juu, kwani huyo angeweza kuishi hadi kuzeeka. Aliyechelewa, basi. Walikuja wote isipokuwa Luhende.

Kabula ndiye aliyesikia kikohozi chake kwanza, alipompelekea maziwa. Alirudi akakaa mbele yangu.

"Baba Masele," alisema, "mashine yako inaona vifua vya watu wote kambi hii. Cha baba yangu kinaishinda nini?"

"Mashine haishindwi. Mimi ndiye ninayeshindwa. Nani atamvua shati?"

"Kwa hiyo afe kwa sababu ya shati?"

Nilijua anakwepa kwa sababu yangu. Nilikuwa peke yangu niliyeijua mashine, na kumpiga picha mtu unamvua, unamshika mabega, unamgandamiza kifua kwenye ubao, unamwambia vuta pumzi. Nilimweleza daktari. Alisikiliza, kisha akasema, "Baba wa mke wako? Vizuri sana, basi itakuwa rahisi."

Nilikwenda kwa Gamaya. Alikuwa ameipindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu. Alifikiri huku gurudumu linazunguka mpaka likasimama. "Habari ya kifua si habari ya mahari," alisema, "lakini njia ni ile ile." Akanawa mikono, akaenda. Alikwenda tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara Luhende alimpa jibu la adabu: ana zamu, ana mgeni, mguu unauma. Wiki zikapita, na zikapita nyingine, na kila asubuhi Luhende alishuka shimoni na mashine yake. Mwishowe Kabula akamwambia baba yake mwenyewe kwamba hatampelekea maziwa tena hadi apigwe picha. Akaja.

Tulipanga hivi. Mzee Athumani alimpokea, akamvua, akamsimamisha kwenye ubao. Mimi nilikaa nyuma ya kizuizi, uso wangu ukutani, kidole kwenye swichi. Nilimpiga picha baba mkwe wangu nikiwa nimempa mgongo. Nilimsikia tu. Mzee Athumani alisema, "Vuta pumzi, mzee, ndefu," na nikasikia majani makavu.

Chumba cha giza hakikuwa na mshenga. Nilishika filamu kwa vidole vyangu, nikaitumbukiza, nikaitikisa, nikangoja. Pafu zima kwenye filamu huwa jeusi, kwa kuwa limejaa hewa. Mapafu ya Luhende yalitokea taratibu chini ya taa nyekundu, yametapakaa vidoa vyeupe, kama mtama uliomwagwa juu ya kaniki. Moyo wake ulikuwa katikati, mkubwa. Nilijua nimeona kitu ambacho mkwe hapaswi kukiona, na nilijua pia tumechelewa. Nililia mle ndani, na niliona afadhali chumba kina giza.

Siku ya pili daktari alituita. Luhende aliketi kwenye kiti akitazama dirisha. Nilisimama upande wa pili nikitazama mlango. Gamaya alikaa katikati, kofia magotini.

"Mwambie si kifua kikuu," alisema daktari. "Mwambie ni vumbi la mawe, limejaa mapafu yote mawili. Hatashuka shimoni tena."

Nilimgeukia Gamaya. "Mzee, mwambie baba kwamba daktari anasema si kifua kikuu. Ni vumbi la mawe, limejaa pande zote mbili, na asishuke tena shimoni."

Gamaya akamgeukia Luhende, ambaye angeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono. "Luhende, mkwilima wako anasema daktari anasema ni vumbi la mawe. Limejaa pande zote. Usishuke tena."

Daktari akauliza kama mzee ni kiziwi. Nikamwambia hapana. Akauliza kama anazungumza lugha nyingine. Nikamwambia hapana, sote watatu lugha yetu ni moja. Akavua miwani, akaifuta, hakuuliza tena. Nadhani siku ile alielewa kidogo.

Luhende alizungumza na dirisha. "Gamaya, mwambie mkwilima amwambie daktari kwamba mashine yangu nimeishika miaka yote na haijanikosea. Na ya mkwilima nayo imefanya kazi nzuri. Imeliona vumbi. Sasa muulize, ile ya kulitoa inakuja lini?"

Gamaya akaniuliza, nami nikamuuliza daktari. Daktari akatikisa kichwa. "Haipo," alisema.

"Haipo," nikamwambia Gamaya.

Gamaya akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amebeba maneno kati ya watu maisha yake yote, ya ng'ombe, ya ugomvi, ya talaka. Hilo hakulibeba. Alitazama kofia yake mpaka Luhende mwenyewe akasema polepole, "Nimesikia," akainuka, akashika ukuta, akatoka.

Walimrudisha kwao Kagongwa kwa lori. Watu walikuja kumuaga, ila watoto walikuwa wengine, hawakujua wimbo wa jina lake. Haukupita muda mrefu mgodini zikaja mashine mpya za kutoboa. Zilikuwa na mpira unaomwaga maji kwenye tundu wakati patasi inazunguka, na vumbi likageuka tope, likatiririka chini bila kumdhuru mtu. Vijana walitoka shimoni wamelowa, weusi kama walivyoingia. Nilipokwenda likizo kumwona Kagongwa, Gamaya tulikuwa naye, naye ndiye aliyempa Luhende habari hiyo. Luhende alikuwa amekaa juu ya kigoda, mikono magotini, mabega yamepanda juu kama ya ndege anayenyeshewa. Alitaka kuhakikisha.

"Maji?" aliuliza.

"Maji," alisema Gamaya.

"Maji ya kawaida? Haya ya kisimani?"

"Haya haya."

"Na sisi tulikuwa tunayanywa tu," alisema Luhende, kisha akaomba tuzungumze habari ya mvua.

Mara ya mwisho nilikwenda na Kabula wakati wa kuvuna mpunga. Mama mkwe alishatangulia zamani, na kaka zake Kabula walikuwa mkongeni Tanga. Gamaya hakuja safari ile, alikuwa na homa. Watu wa mji wote walikuwa mashambani. Mchana Kabula alichukua mtungi akaenda kisimani, na mimi nikabaki nje, mbali na mlango, karibu na zizi, kama mkwe anavyotakiwa kukaa. Nilikuwa nasikia pumzi za Luhende kutoka kule. Zilikuwa fupi, na kati ya moja na nyingine kulikuwa na nafasi ndefu kuliko nilivyopenda. Kisha nikasikia kigoda kikianguka.

Nilikwenda hadi mlangoni, nikageuza uso.

"Kabula?" aliita.

"Amekwenda kisimani, baba. Ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ukwe wetu wote kusema naye neno bila mtu katikati. Alikuwa ameanguka kando ya ukuta, ana shuka kiunoni tu, anajaribu kuketi na hawezi. Kulala hakuweza, kwa kuwa akilala anazama. Alihitaji mtu wa kumwegemeza.

"Ingia," alisema. "Nishike."

"Baba, mimi ni mkwilima wako. Ngoja nimwite mtu."

Alivuta pumzi, akaitafuta nyingine, akaipata. "Unamwita nani? Shika, mwanangu. Umeshaniona mpaka ndani."

Niliingia. Nilikaa chini nyuma yake, nikamwegemeza kifuani kwangu, mgongo wake mtupu kwenye shati langu, mikono yangu imezunguka mbavu zile ambazo nilizijua moja moja. Alikuwa mwepesi sana. Aliiweka mikono yake juu ya yangu akaibana, mikono migumu ya mtu wa mashine. Kabula alirudi akatukuta hivyo. Alitua mtungi, akakaa kizingitini. Pumzi za baba yake ziliendelea kupungua mpaka jua likafika mlangoni, na zikaisha. Kabula akaanza kulia. Mimi niliendelea kumshika muda mrefu baada ya hapo, kwa sababu katika desturi zetu sikuwahi kufundishwa jinsi mkwe anavyomlaza mkwe wake.